Soma unga kabla ya kununua dawa ya mbao

Ukikuta unga wa mbao umemwagika chini ya mguu wa kitanda au juu ya kabati, usiufagie kwanza. Uchote kwa ncha ya kisu, uweke kwenye karatasi nyeusi, kisha uusugue kwa vidole viwili. Watu wengi hukimbilia dukani kuomba "dawa ya mbao", wanapewa chochote kilichopo rafuni, wanapaka juu ya vanishi, na baada ya miezi michache unga unarudi. Mara nyingi dawa yenyewe ni nzuri, ila imetumiwa kwa mdudu asiyeihitaji, au haikupenya, au ubao ule unaharibiwa na maji wala hakuna mdudu.

Unga laini unaoteleza vidoleni kama poda ya talki, pamoja na matundu ya duara yenye upana wa milimita 1 hadi 2, ni alama ya mdudu wa jamii ya Lyctus. Huyu anafuata wanga uliomo katika sehemu nyeupe ya nje ya mbao ngumu. Kiini chenye rangi hakigusi. Msonobari pia hausumbui, kwa sababu jike hutaga mayai ndani ya mirija midogo ya mbao, na msonobari hauna mirija hiyo. Ndiyo maana kitanda kimoja cha mninga kinaweza kuwa na ubao wa kichwani mzima kabisa na chaga zilizobunguliwa: fundi alichanganya kiini na weupe. Mbao za mwembe na za mti wa mpira zina wanga mwingi, na samani zake zisipowekewa dawa tangu mwanzo ni za kuangaliwa kwa makini.

Matundu ya milimita 3 hadi 6, unga wake ukiwa mzito kidogo na umeshindiliwa ndani, ni kazi ya mbawakavu wa jamii ya Bostrichidae. Hao ni ndugu wa dumuzi wa mahindi, yule aliyegunduliwa Afrika kwa mara ya kwanza huko Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambaye hutoboa hata mbao za ghala lenyewe. Hupenda nguzo na boriti zilizokatwa karibuni, hasa zikiwa bado na magome. Mmoja wao mdogo, Dinoderus minutus, ndiye anayegeuza mianzi kuwa unga.

Ukisugua na ukahisi punje ngumu zisizopondeka, ndogo kama mbegu za mchicha, zichunguze chini ya lenzi au kamera ya simu iliyovutwa karibu. Zikiwa na pande sita, huyo ni mchwa wa mbao kavu. Haji na udongo, hana kichuguu, na kundi zima linaishi ndani ya ubao mmoja. Pwani yetu anao wengi, na fremu za milango ndiyo makao yake ya kawaida. Mchwa wa ardhini yeye hujionyesha kwa njia za udongo ukutani. Huyo anatibiwa kwenye udongo na msingi, na kupaka ubao peke yake hakutamzuia.

Nyuki mweusi mkubwa anayevuma kwenye kenchi huacha tundu la karibu milimita 10 hadi 15, duara safi kabisa, na machujo makubwa chini yake. Tundu la umbo la yai katika mbao za saipresi kutoka nyanda za juu za Kenya mara nyingi ni la mdudu aliyeingia mti ukiwa bado umesimama msituni.

Kuna pia tundu linalotisha watu bure. Ukiona vitundu vya milimita 1 au 2 vyenye ukingo mweusi, bila unga wowote, kwenye ubao ulionunuliwa karibuni, mdudu wake aliingia gogo likiwa bichi. Aliishi kwa kuvu aliowapanda mwenyewe kwenye njia zake, na mbao zilipokauka wote wakafa. Ubao huo hauhitaji dawa. Vivyo hivyo madoa ya buluu kwenye msonobari: yanaharibu sura, ila nguvu ya ubao hubaki karibu ileile.

Je, bado yumo?

Tundu ni mlango wa kutokea. Lava, yaani buu wa mdudu, amekaa ndani miezi mingi akila, akageuka pupa, kisha mdudu kamili, ndipo akatoboa na kuruka. Kupuliza dawa ya mbu kwenye tundu ni kumfuata aliyekwisha kuondoka. Swali la maana ni kama wako wengine ndani.

Safisha matundu yote kwa brashi na ufyonze unga. Bandika vipande vya karatasi nyembamba kwa gundi juu ya eneo lenye matundu, na utandike karatasi nyeusi chini yake. Acha wiki nne hadi nane. Karatasi ikitobolewa kutoka ndani, au unga mpya wenye rangi ya mbao mbichi ukaanguka, kazi inaendelea. Usiamini unga ulioanguka siku ulipogonga ubao kwa nyundo, maana unga wa zamani hukaa kwenye njia miaka na kushuka kwa mtikisiko wowote. Tundu la zamani lina ukingo uliofifia, na mara nyingi rangi au vumbi limeingia ndani.

Kuoza kuna dalili zake

Ubao uliooza hautoi unga wa kumwagika. Chomeka bisibisi bapa kwa pembe, kando ya nyuzi, kisha inua. Ubao mzima hutoa kibanzi kirefu chenye ncha na hulia unapokatika. Uliooza hukatika vipande vifupi, kimya, hata kama juu rangi inang'aa. Jaribu sehemu ya chini ya miimo ya mlango, ncha za kenchi chini ya bomba la maji ya mvua, na pale boriti inapoingia ukutani. Ukiona mipasuko inayokata ubao kuwa vipande vya mraba vya kahawia, kuvu wamekula sehemu inayoupa ubao nguvu, na uimara umepotea mapema kuliko macho yanavyoonyesha. Ubao uliopauka na kuwa wa nyuzinyuzi laini umeliwa na kuvu wa aina nyingine, ambao hupenda zaidi mbao ngumu.

Kuvu hawawezi kitu bila maji. Ubao ulio ndani ya nyumba Dar es Salaam, Mombasa au Unguja hukaa na unyevu wa takriban asilimia 14 hadi 16 kwa sababu ya hewa peke yake, na hapo hauozi. Hatari huanza ukipita asilimia 20, na ukipita 26 hadi 28 kuoza kunashika kasi. Kwa hiyo ubao ukioza ndani ya nyumba, joto la pwani halitoshi kuwa maelezo. Kuna maji yanaingia: bati limepasuka, bomba la bafu linavuja ndani ya ukuta, mfereji wa paa umeziba, au sakafu inadekiwa kila siku na maji yanapanda kwenye ncha za miimo. Kipima unyevu chenye sindano mbili kinakusaidia kufuata maji hadi yanakotoka. Pima kila sentimita 30 na uandike namba kwa chaki palepale, utaona zinavyopanda kuelekea chanzo.

Neno kwa wanaosoma maelekezo ya Uingereza mtandaoni: kuvu maarufu wa huko, Serpula lacrymans, anayepita ndani ya kuta na kulazimisha watu wabomoe lipu kwa upana mkubwa, ni wa nchi za baridi. Joto la pwani yetu halimfai. Usivunje ukuta kwa kumwogopa. Zuia maji, ondoa kilichooza, kausha.

Kutibu wabunguaji

Kwa mbao za ndani zisizonyeshewa, naiweka boroni, iliyomo katika boraksi na asidi ya boriki, mbele ya dawa nyingine. Haina harufu, haifuki hewani, na ikishaingia ndani ya ubao mkavu hukaa humo miaka mingi ikizuia wadudu na kuvu kwa pamoja. Katika maji ya moto lita 10, yenye joto la karibu nyuzi 60, koroga boraksi gramu 600 na asidi ya boriki gramu 400. Viwili vikichanganywa huyeyuka kwa wingi zaidi kuliko kila kimoja peke yake. Maji yakipoa sana chumvi hujikusanya chini ya ndoo, basi paka yangali vuguvugu. Vaa glavu na miwani, weka mbali na watoto na chakula, na mjamzito asiishike kazi hii.

Hakuna dawa ya maji inayopita vanishi au rangi. Kwangua hadi ubao mtupu, na kama rangi ni ya zamani sana kwangua ikiwa imeloweshwa, kwa maana vumbi lake linaweza kuwa na madini ya risasi. Kisha paka mikono mitatu, kila mmoja kabla uliotangulia haujakauka, na uelekeze brashi zaidi kwenye ncha zilizokatwa, maungio na nyufa. Ncha hunywa mara nyingi kuliko ubavu. Lita 1 inatosha takriban mita 5 za mraba kwa mkono mmoja. Chukua chumba chenye boriti 12 za mviringo za urefu wa mita 3 na unene wa sentimita 12: ukitoa robo ya juu iliyofunikwa na mawe, unabaki na mita za mraba 10 hivi, yaani lita 6 kwa mikono mitatu. Ndoo ya lita 10 inakubakizia ya kudunga.

Kudunga ni kwa sehemu zilizoliwa sana. Tumia sirinji ya mililita 10 na udunge tundu moja kila sentimita 5 hadi 7, si lazima yote, kwani njia za ndani zimeungana. Dawa mara nyingi hutokea kwa nguvu kwenye tundu lingine, na ndipo watu wanapoumia macho. Miwani isivuliwe.

Boroni huua anayeila. Lava aliyeko katikati ya ubao, mahali dawa haikufika, anaweza kumaliza maisha yake na kutoka miezi kadhaa baadaye. Matundu machache mapya katika mwaka wa kwanza hayamaanishi umeshindwa. Kinachopaswa kukushughulisha ni matundu kuongezeka mwaka wa pili. Ukitaka kuwapata pia wanaotoka, paka permethrini (dawa ya kuua wadudu) ya mbao yenye nguvu ya asilimia 0.2, iliyochanganywa kwenye mafuta mepesi, baada ya boroni kukauka kabisa. Permethrini ni sumu kali kwa paka, samaki na nyuki. Mtoe paka chumbani hadi ubao ukauke, na usioshe brashi mferejini. Zima moto wote, fungua madirisha.

Mchwa wa mbao kavu anahitaji utafute vyumba vyake. Gonga kwa mpini wa bisibisi, na panapolia utupu toboa kwa keekee ya milimita 3 hadi ufikie uwazi, dunga, kisha ziba kwa kipande cha mbao na gundi. Kama fremu nzima ni ganda tupu, ing'oe. Dawa haitarudisha mbao.

Vyombo vya chakula havipakwi dawa yoyote. Mbuzi ya nazi, kigoda, mwiko wa kuchonga au kinu kidogo kilichobunguliwa kifunge ndani ya mfuko wa plastiki, ukitoa hewa, kisha kiweke kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kiache kiyeyuke kikiwa bado mfukoni ili kisilowe. Njia hiyo inafaa pia kwa vinyago. Kumbuka tu kwamba baridi haiachi kinga, na mdudu mpya anaweza kutaga kesho yake.

Oili chafu ya gari nakuomba uiache. Inakaa juu juu, inachafua kila kinachoigusa, ina masalia ya metali yasiyofaa ndani ya nyumba, inawaka, na inazuia boroni au rangi kushika baadaye. Mafuta ya taa huua mdudu yanayemgusa, kisha yenyewe hukauka na kupotea hewani. Na vidonge vya ghalani vinavyotoa gesi ya fosfini visiingie kabisa katika nyumba ya kuishi, hata chumba kikifungwa. Gesi hiyo hupita chini ya milango na kwenye nyufa za dari, na imekwisha kuua watu waliolala chumba cha pili.

Boriti na fremu zilizooza

Katika nyumba za mawe za Unguja, Lamu na Mombasa, boriti za mikoko hufa kuanzia ncha iliyo ndani ya ukuta. Katikati ya chumba boriti inaonekana ngumu, weusi wake mzuri, kumbe sentimita 20 za mwisho zimekuwa tope. Sababu kubwa ni lipu ya saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji ya mvua na kuyatoa tena hewani. Ukiuziba kwa saruji nje, maji yanayoingia kwa nyufa hayana pa kutokea isipokuwa kwenye ncha ya boriti. Mtu anayepiga saruji ili kuilinda nyumba yake anaiozesha, na inasikitisha kwa sababu anatumia fedha nyingi na nia njema.

Kabla ya kugusa boriti, tegemeza sakafu. Weka mirunda miwili au zaidi karibu mita moja kutoka ukutani, juu na chini ukiweka mbao ndefu za kusambaza mzigo. Kama kuna ghorofa chini yako, tegemeza na huko hadi ufike kwenye ardhi, mirunda ikiwa imenyooka juu ya mwenzake. Kisha chokoa ncha kwa patasi mpaka ufikie mbao inayotoa vibanzi virefu, na ukate sentimita 30 zaidi ndani ya sehemu nzima, maana nyuzi za kuvu hutangulia mbele ya kuoza kunakoonekana.

Kiasi kilichobaki ukipime, usikikisie. Nguvu ya boriti hufuata mraba wa kimo chake: mbao ya kimo cha sentimita 15 iliyobaki na 12 nzima ina asilimia 64 tu ya nguvu yake ya awali, na ugumu wake wa kutopinda umeshuka hadi karibu nusu. Uharibifu wa sentimita 3 unaoonekana mdogo umekula theluthi ya uwezo.

Kama ni ncha peke yake, unga kipande kipya kwa kukata mshazari mrefu na kufunga kwa bolti za milimita 12 zilizopakwa zinki au za chuma kisichoshika kutu. Msumari wa kawaida pwani huliwa na chumvi. Urefu wa maungio na idadi ya bolti amue fundi aliyezoea majengo hayo, kwa mzigo wa chumba chako. Boriti iliyoliwa pia katikati ni bora iwekewe pacha mpya kando yake, kutoka ukuta hadi ukuta. Ncha mpya iloweshwe boroni mpaka isinywe tena, ikalie kipande cha mbao ngumu au karatasi ya lami, na iachiwe nafasi ya sentimita 2 pande zake na mbele. Hewa izunguke. Usiishindilie kwa saruji. Juu yake rudisha chokaa.

Miimo ya mlango ni kazi ndogo zaidi. Kata sentimita 15 juu ya kilichooza kwa mshazari unaoshuka kuelekea nje, ili maji yasikae kwenye kiungo. Unga kiini cha mvule au mkongo, kwa gundi isiyoogopa maji na skrubu. Ncha ya chini iloweshe boroni, ikikauka ipake rangi ya kwanza mikono miwili, na uiache milimita 5 hadi 10 juu ya sakafu. Pale unapoona unyevu hautakwisha kabisa, toboa matundu ya milimita 10 yanayoinama kuelekea chini, yajaze unga wa boraksi na asidi ya boriki, kisha uyazibe kwa vijiti vya mbao. Unyevu huohuo ndio utakaoyeyusha boroni na kuisambaza. Nje panaponyesha, boroni bila rangi juu yake huoshwa na mvua msimu mmoja, na nguzo ya ardhini haiokolewi nayo.

Kwa mbao mpya za paa, msonobari wenye dawa ya kijani uliosindikwa kwa mgandamizo ni chaguo zuri, ila kuna mbao zilizochovywa tu. Mwombe muuzaji akate ubao mmoja katikati ya urefu wake, si mwishoni, maana ncha hunywa hata kwa kuchovya. Kijani kiwe kimeenea sehemu yote nyeupe. Kikiwa mstari mwembamba pembezoni, umeuziwa rangi. Kiini cha katikati kubaki bila kijani ni kawaida. Kila ncha unayoikata wewe mwenyewe wakati wa kupaua imefungua mlango mpya, na ipakwe dawa kabla haijapanda juu.

Mabaki ya mbao za kijani yasiende jikoni. Nyingi zimewekwa mchanganyiko wa shaba, kromi na arseniki, na moto hauiondoi arseniki: sehemu huenda na moshi kwenye pumzi za mpishi, sehemu hubaki kwenye majivu yanayomwagwa bustanini au kusugulia sufuria. Hata machujo yake yasitandikwe bandani kwa kuku. Mbao zilizobunguliwa ambazo hazijawahi kuwekwa dawa wala rangi unaweza kuzichoma kuni, na uzichome siku hiyohiyo, maana rundo la mbao zenye lava likilala nyuma ya nyumba wiki tatu, wadudu watatoka na kurudi ndani kupitia dirishani.